Geji ya joto kwenye gari la zamani: uitengeneze, uibadili au uiongezee mwenzake?

Niliposimama juu ya ule mpando wa Mto wa Mbu, pale watalii wanaposhuka kulipiga picha Ziwa Manyara, mvuke ulikuwa unafuka kwenye boneti huku mshale wa joto umetulia katikati kana kwamba mambo hayo hayauhusu. Gari lenyewe ni Land Rover Series III ya 1978, petroli, injini ya lita 2.25. Niliilaumu geji siku mbili nzima. Kumbe ilikuwa inasema kweli: maji yalikuwa nyuzi tisini na kitu, na kwa geji ile ya Smiths (kampuni ya Uingereza), tisini na kitu bado ni katikati. Kilichokufa kilikuwa kifuniko cha rejeta.

Tangu siku hiyo nimefunga, nimefungua na nimerudia kufunga karibu kila aina ya geji inayoweza kupatikana. Na sasa shemeji yangu wa Moshi amenunua Series IIA ya 1965, kila Jumapili ananipigia: "Shemeji, niweke ya digitali au nibaki na hii hii?" Rafiki yetu mwenye Volkswagen Beetle naye anasubiri jibu. Tena tangu lile tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 hapa Arusha, magari yaliyolala miaka chini ya miti yameamshwa, na wenye nayo wengi wanaanza na swali hili hili. Basi nayaweka hapa njia zote kando kwa kando, na pale nilipo na upande nitausema.

Huku kwetu maji hayasubiri mia

Kabla ya kuchagua geji, jua unaitaka ikwambie nini. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100. Ukipanda kila mita 300, kiwango hicho kinashuka kama nyuzi moja. Moshi mjini, mita 850 hivi, maji ya wazi huchemka kwenye 97. Arusha, mita 1,400, ni 95. Ukifika ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mita 2,300 hivi, ni 92.

Kifuniko cha rejeta ndicho kinachotuokoa. Kifuniko cha psi 9 (kipimo cha shinikizo linalobanwa ndani) kikiwa kizima kinaongeza nyuzi 15 au 16 juu ya hapo, kwa hiyo hata pale ukingoni maji yatavumilia mpaka karibu 109. Themostati (kilango kinachoruhusu maji kwenda kwenye rejeta) ya nyuzi 82 inapofunguka, una nafasi ya kupumua. Lakini mpira wa kifuniko ukikauka, nafasi hiyo ya nyuzi 27 inabaki 10 tu, na geji ya zamani, ambayo eneo lake la "kawaida" ni pana kama kiganja, haitakuonyesha tofauti yoyote. Kulanti (dawa ya rejeta) iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu inakuongezea nyuzi chache, lakini wengi wetu tunajaza maji ya bomba na kumwachia Mungu.

Kwa hiyo mtu wa Dar es Salaam anayezunguka Kariakoo na mtu wa Karatu hawahitaji geji ya aina moja. Wa Dar anataka kujua kama joto linapanda. Wa Karatu anataka kujua limefika ngapi.

Kuna mtego hapo hapo. Wengi hupima sensa (kile kipande cha kwenye injini kinachoipa geji habari) kwa kuitumbukiza kwenye sufuria jikoni, maji yakitokota wanaandika "100". Arusha hayo ni 95! Ukitengeneza geji yako kwa hesabu hiyo, itasoma nyuzi tano zaidi ya ukweli wakati wote. Tumia kipimajoto, au andika 95 (Moshi andika 97) na uendelee.

Kubaki na geji ya zamani na kuilisha vizuri

Hii ndiyo njia ninayompa kila mtu kwanza, na ndiyo watu huiruka.

Ndani ya geji ya Smiths ya miaka ile kuna utepe wa metali mbili zilizobanwa pamoja, umezungushiwa waya mwembamba wa kupasha. Umeme ukipita, utepe unapata moto, unajipinda, unausukuma mshale. Ndiyo maana mshale hupanda polepole kama mzee anayeinuka kwenye kigoda. Sensa kwenye injini ni themista: ikipata joto ukinzani wake unapungua, umeme unapita mwingi, mshale unapanda.

Tatizo ni kwamba umeme wa gari hautulii. Injini imezimwa ni volti 12, ikizunguka inafika 14. Ili geji isicheze na hayo, Waingereza waliweka stabilaiza ya volti 10 nyuma ya dashibodi. Nayo ni utepe mwingine wa metali mbili, unaofunga na kufungua mguso wake bila kupumzika, ili wastani wa umeme unaotoka uwe kama volti 10. Ukiupima kwa mita ya digitali namba zinarukaruka, ukiweka taa ya testa inawaka na kuzima. Hilo si kosa, ndivyo ilivyoumbwa. Miaka arobaini ikipita, mguso umeungua.

Dalili yake ni rahisi mno na inashangaza mafundi wanavyoipita: geji ya mafuta na geji ya joto zinakosea *pamoja*. Zote zikisoma juu kuliko kawaida, mguso umeganda, au lile kopo la stabilaiza halishiki bodi (chuma cha gari, ambacho umeme hupitia kurudi kwenye betri) vizuri, hivyo utepe haupati moto wa kuufungua na geji zinakula volti 14 kavu. Zote zikilala chini, umeme haufiki. Moja tu ikikosea, iache stabilaiza, nenda kwenye sensa na waya wake.

Dawa ya kisasa ni kuweka stabilaiza ya elektroniki isiyo na kitu kinachojongea. Zipo mbili zinazopatikana madukani.

Chipu ya 7810 inatoa volti 10 bila kuuliza. Ina miguu mitatu: kuingia, bodi, kutoka. Kapasita ya maikrofaradi 0.33 upande wa kuingia, ya 0.1 upande wa kutoka, basi. Geji mbili zikila kama robo ampea, chipu inatoa joto la wati moja hivi, kwa hiyo lazima ifungwe kwa skrubu kwenye bati. Uzuri wake ni kwamba bamba la mgongoni kwake ni bodi, unaweza kulibana popote kwenye gari.

LM317 unairekebisha mwenyewe kwa resista mbili. Inafaa kama unataka kuuvuta mshale uliozeeka urudi mahali pake. Lakini bamba la mgongoni kwake ndilo *kutoka*. Fundi aliyezoea 7810 akilibana kwenye bodi, ameipiga shoti. Mimi niliipiga, kwa hiyo usione aibu.

Kuna na vile vibodi vya buluu vya LM2596 vyenye skrubu ndogo ya shaba ya kurekebisha volti. Havichemki, bei ni rahisi, vijana wanavipenda. Mimi sivifungi kwenye gari. Skrubu ile kwenye barabara ya makorogesheni inajizungusha yenyewe, na siku ukipanda kwenda Monduli utakuta geji zote zimejaa. Ukivitumia, idondoshee rangi ya kucha baada ya kurekebisha. Redio nayo italia.

Chipu yoyote utakayonunua, ijaribu mezani kwa taa ya balbu ndogo kabla ya kuifunga, kwa kuwa feki zipo. Kisha ifungue stabilaiza ya zamani, toa matumbo yake, weka chipu ndani ya kopo lile lile. Mtu akichungulia nyuma ya dashibodi ataona gari la 1978.

Baada ya hapo ndipo utazame bodi. Sensa ya waya mmoja inarudisha umeme kupitia nyuzi zake za skrubu mpaka kwenye injini, na injini inarudisha kwenye chesisi kupitia mkanda mmoja wa shaba ambao kwenye magari mengi niliyochungulia umeoza au haupo. Ongeza waya mnene kutoka injini mpaka chesisi. Halafu usiizungushie sensa tepu nyeupe ya mafundi bomba. Fundi wangu mmoja alifanya hivyo kwa nia njema ili maji yasivuje, na kweli hayakuvuja, ila geji ililala baridi kwa sababu tepu ilikata njia ya umeme.

Gharama yote hii ni ndogo kuliko kujaza tangi, ni kazi ya Jumamosi moja, na sura ya gari haiguswi. Inachokosa ni namba. Utapata mshale mkweli, lakini ni mkweli wa "kawaida" na "moto", hautakuambia 93. Wenye Toyota Land Cruiser FJ40 wakumbuke jambo moja: kwao stabilaiza imejificha ndani ya geji ya mafuta yenyewe, na geji ya joto hulishwa kupitia humo. Usitafute kopo nyuma ya dashibodi, hulioni.

Kubadili geji na sensa zote mbili

Ukitaka namba na bado unataka mshale, nunua geji mpya ya sumaku yenye nyuzi zilizoandikwa usoni. Ndani yake hakuna kupashwa moto. Koili zinashindana kuivuta sumaku ndogo yenye mshale, na kwa kuwa zote zinakula volti ile ile, kupanda na kushuka kwa umeme wa gari hakuisumbui. Stabilaiza haihitaji. Mshale unaitika mara moja.

Kuitika mara moja ni baraka kwenye joto na ni kero kwenye mafuta. Ile ya zamani ya kupashwa moto ilikuwa polepole kiasi kwamba petroli ikiyumba tangini haikujali. Ya sumaku isiyotulizwa inayumba na kila shimo la barabarani. Kwa hiyo kama unabadili, badili ya joto, ya mafuta iache ilivyo.

Kosa kubwa kuliko yote kwenye njia hii ni kununua geji bila sensa yake. Geji na sensa ni kufuli na ufunguo. Sensa ya VDO ya aina ya mpaka nyuzi 120, kwa mfano, ina omu (kipimo cha ukinzani) kama 134 ikiwa nyuzi 60, kama 70 ikiwa 80, na kama 38 ikiwa 100. Sensa ya Smiths au ya Toyota ina namba zake nyingine kabisa. Ukizichanganya, geji haitakataa kufanya kazi, itasoma vizuri tu, itapanda na kushuka kwa adabu, na kila namba itakuwa ya uongo. Hiyo ni mbaya kuliko geji mbovu, maana mbovu hutaiamini.

Jambo la pili ni nyuzi za skrubu. Sensa ya kisasa mara nyingi haiingii kwenye tundu la zamani, utapelekwa kwa fundi wa lethi kuchongewa adapta ya shaba. Mwambie aichonge fupi. Adapta ndefu inaitoa ncha ya sensa kwenye mkondo wa maji, inakaa kwenye kishimo cha maji yaliyotuama, na unasoma pungufu nyuzi kadhaa bila kujua. Nimeona hili kwenye gari lililotengenezwa kwa pesa nyingi.

Na sura? Geji hizi nyingi ni za tundu la milimita 52. Series III haina tundu la namna hiyo, utaining'iniza chini ya dashibodi. Wengine wanaona ni kama kumvalisha babu miwani ya jua. Mimi nimezoea.

Ya mrija, ambayo watu wanaidharau

Gari la shemeji lilikuja na geji ya mrija. Hii haina umeme kabisa. Kuna tungi dogo la shaba kwenye injini lenye etha ndani, mrija mwembamba kama unyoya wa kuku unaotoka hapo mpaka kwenye saa, na ndani ya saa kuna mrija uliopindwa unaojaribu kunyooka shinikizo likipanda. Betri ikifa, inasoma. Fyuzi ikiungua, inasoma. Chanya iwe kwenye bodi au hasi iwe kwenye bodi, haijui hata maana yake.

Ubaya wake ni mmoja lakini ni mzito: mrija ukikatika au ukisagika kwenye tundu la bati, kazi imekwisha. Hauungwi kwa kulehemu tu, etha imeshatoka. Kwa hiyo unaviringishwa duara mbili au tatu karibu na injini ili mtikisiko ufie hapo, na pale unapopenya kwenye bati lazima kuwe na mpira. Ile ya shemeji ilikuwa imepita bila mpira tangu zamani, sijui ilinusurika vipi.

Yeye alitaka kuing'oa siku ile ile. Nilimzuia kwa sababu ya bodi yake. Land Rover za kabla ya 1967 hivi zilitoka kiwandani na dainamo (chaja ya betri ya kabla ya alteneta), na waya wa *chanya* ndio uliofungwa kwenye bodi. Geji za kupashwa moto hazijali hilo, lakini elektroniki inajali sana. Ukifunga 7810 kwenye gari kama lile unaiua dakika ile ile; inatakiwa ndugu yake wa upande wa pili, 7910, ambaye hapatikani kila duka, na bamba lake la mgongoni ni la kuingia. Redio za kisasa, chaja za simu, geji za digitali, zote zimetengenezwa zikiamini kwamba bodi ni hasi.

Unaweza kugeuza gari zima liwe na hasi kwenye bodi. Kazi si kubwa: unageuza betri, unaiamsha dainamo upya kwa kuigusisha umeme kidogo ili ikumbuke upande mpya, unageuza waya za koili. Lakini kugeuza gari zima kwa ajili ya geji moja ni kuvunja nyumba ili upate msumari. Siku utakapoweka alteneta, geuza siku hiyo.

Digitali ya kujitengenezea

Vijana waliopita Chuo cha Ufundi Arusha watakutengenezea kitu cha Arduino (kibodi kidogo cha kompyuta) chenye skrini ndani ya wiki moja, na nimeona kazi nzuri sana. Lakini nimeona pia zinavyokufa, na karibu zote zilikufa kwa mambo mawili.

La kwanza ni umeme wa gari. Mezani kuna volti 12 safi. Garini, waya wa betri ukilegea wakati alteneta inachaji, zinaruka makumi ya volti kwa kitambo kidogo, na hicho kitambo kinatosha. Weka fyuzi yake peke yake, dayodi ya kuzuia umeme kugeuka, na dayodi ya kumeza mruko. Bila hizo, usilaumu chipu.

La pili ni sensa. Wanapenda DS18B20 kwa kuwa ni rahisi kuiandikia programu. Ni sensa nzuri ya chumba cha vifaranga. Usahihi wake wa nusu nyuzi unaishia kwenye nyuzi 85, na mwisho wake wa kufanya kazi ni 125. Yaani inaanza kulegea pale pale ambapo wewe unaanza kuihitaji. Mwambie kijana atumie themista ya gari yenye jedwali lake linalojulikana, apime volti, ahesabu. Ni kazi zaidi kidogo kwake.

Skrini nayo haionekani jua la saa saba likiingia kupitia kioo. Na ukiwa unapanda na unabadili gia, macho hayasomi namba nne zinazobadilika. Yanaona mshale uliosogea. Sababu hii ndiyo iliyonifanya niachane na dashibodi nzima ya skrini, zile zinazouzwa zikiwa na kila kitu ndani. Mbali na kwamba zinalifanya gari la 1978 lifanane na mashine ya kuchukulia pesa.

Upande mzuri wa digitali ni kumbukumbu. Kifaa kinachoandika joto kila sekunde kwenye kadi kilinionyesha kitu ambacho macho yasingeona: joto la gari langu halipandi kwenye mpando, linapanda dakika mbili *baada* ya kusimama, maji yakiacha kuzunguka.

Sensa ya chuma na baza

Nafika kwenye ile ninayoipendekeza, na sababu yake niliipata njia ya kutoka Himo kwenda Marangu. Mpira wa hita ulipasuka. Mshale ulipanda kidogo, halafu ukashuka mpaka baridi. Nikashukuru. Kilometa moja baadaye nikanusa.

Geji zote nilizotaja hapo juu, ya mshale, ya sumaku, ya mrija, ya skrini, zinapima *maji*. Maji yakiisha, sensa inabaki kwenye hewa, na hewa haiipi joto kama maji yanavyoipa. Kwa hiyo pale injini inapoungua kweli ndipo geji inapokwambia mambo ni shwari. Silinda hedi ilikwenda kuchongwa, gasketi mpya, na wiki mbili za daladala.

Sensa ya chuma ni kipete kinachobanwa chini ya bolti moja ndogo ya kwenye injini, kama ya nyumba ya themostati. Inapima chuma chenyewe, maji yawepo yasiwepo. Waya wake unaenda kwenye kidubwasha chenye namba tatu na baza, na unakiambia kilie kikifika nyuzi ngapi. Hutoboi chochote, hubadili sensa ya zamani, hung'oi mshale. Ukiuza gari unaondoka nacho mfukoni.

Kwa bolti, chagua ya nyumba ya themostati au ya kishikio fulani. Bolti kuu za hedi usiziguse, zina mkazo wake, na kipete kikikaa chini yake kinauharibu.

Namba yake haitalingana na ya maji, usishangae na usigombane nayo. Endesha wiki mbili bila kuwasha baza, andika ya juu kabisa unayoiona kwenye mpando wako mbaya kuliko yote, ongeza nyuzi nane, hapo ndipo baza ilie.

Kwa shemeji na bodi yake ya chanya, kifaa hiki kinafaa kwa sharti moja: sensa iwe ya waya mbili isiyogusana na chuma kwa umeme, na kasha liwe la plastiki. Hapo unakipa chanya kutoka kwenye bodi na hasi kutoka kwenye waya wenye fyuzi, na kifaa hakitajua kimefungwa gari gani. Ya waya mmoja haiwezekani.

Beetle, na neno moja la ampea

Mwenye Beetle hana maji, injini yake hupozwa kwa upepo, kwa hiyo yote niliyosema kuhusu kifuniko hayamhusu. Yeye anapima chuma tangu mwanzo: themokapo (sensa ya waya mbili za metali tofauti) ya aina ya K, kipete chini ya plagi ya silinda namba tatu. Kwenye injini za kabla ya 1971 kipoza mafuta kimesimama mbele ya upepo wa silinda hiyo, ndiyo maana ndiyo inayoungua kwanza. Waya wa themokapo usiuongeze kwa waya wa kawaida wa shaba ukiona hautoshi. Themokapo inatoa maikrovolti 41 hivi kwa kila nyuzi, na ukiunga shaba katikati umeanzisha mahali pengine pa kupimia joto. Nunua mrefu tangu mwanzo.

Na wenye geji ya ampea kwenye dashibodi, ukiweka alteneta kubwa, umeme wote unaochaji unapita nyuma ya saa ile kupitia skrubu mbili ndogo. Iondoe kwenye njia, weka ya volti. Hapa sina ulinganisho wa kufanya.

Shemeji ameshakubali: mrija unabaki, umevikwa mpira kwenye bati, na kipete kinakuja na mtu anayetoka Nairobi. Mimi nina chipu ndani ya kopo la zamani na kipete kwenye nyumba ya themostati. Kwenye mpando wa Karatu ya juu kabisa niliyoandika ni 96, baza nimeiweka 104. Imelia mara moja tu, Jumamosi, foleni ya soko la Kilombero, na nilipofungua boneti mkanda wa feni ulikuwa umelegea kiasi cha kuingiza kidole. Nilitazama mshale kabla sijazima. Ulikuwa katikati.